«Mama, kubali tu»: maneno matatu yanayofungua simu za watu

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kwenye vibanda vya kuchaji simu vya Majengo, Katoyi na Ndosho, maneno ni yale yale kila siku. Mama anafika na simu yake. Amesikia kwa jirani kwamba kijana wa kibanda ana nyimbo za kanisa, mahubiri na vipindi vya redio kwenye ordinatere yake, na kwamba anavituma kwa Bluetooth kwa bei ndogo, bila kula mega hata moja. Kijana anatafuta simu ya mama kwenye ordinatere, anaipata, anabonyeza. Kwenye kioo cha simu kunatokea namba ya tarakimu sita pamoja na swali. Mama anauliza: «Mudogo, hii namba ni ya nini?» Kijana anajibu bila kuinua macho: «Mama, kubali tu.» Mama akichelewa, kijana ananyoosha mkono, anachukua simu na kubonyeza mwenyewe.

Nyimbo zinaingia, mama analipa, anarudi kwake. Hakuna aliyeibiwa kitu mbele ya macho ya watu. Ndiyo maana desturi hiyo imezoeleka, na ndiyo maana lazima ipigwe vita. Ile namba ni swali, na swali lenyewe anaulizwa mwenye simu peke yake. Mtu anayemjibia amechukua ufunguo wa nyumba isiyo yake. Kwa jamaa iliyokimbia Masisi au Rutshuru na kuacha nyumba, shamba na mifugo, simu ndiyo nyumba iliyobaki.

Namba hiyo inasema nini

Bluetooth ni njia ya vyombo viwili kuongea bila waya, kwa mawimbi ya redio, mahali pa karibu. Kazi yake ilianza mwaka 1994 kwenye kampuni ya Ericsson huko Sweden, na jina lake lilitokana na mfalme wa zamani wa Denmark, Harald, aliyepewa jina la utani la Jino la Bluu. Leo iko ndani ya simu, bafle, ekuta, redio ndogo, magari na ordinatere. Faida yake hapa Kivu hakuna anayebisha: wimbo, sauti ya mtoto aliye mbali au kipindi cha afya kilichorekodiwa redioni hupita kutoka simu hadi simu hata kama mtandao umekatika na hata kama hakuna franka ya kununua yuniti.

Ila kabla vyombo viwili havijaanza kuongea, lazima vijuane kwanza. Simu iliyowekwa kwenye Kiswahili huita kazi hiyo «kuoanisha». Neno hilo linafaa, kwa sababu kila mtu hapa anajua kuoana ni nini. Hakuna baba anayetoa binti yake kwa mtu aliyesimama mlangoni bila kuuliza: wewe ni nani, unatoka kwa nani, nani anakushuhudia? Namba ya tarakimu sita ndiyo shahidi huyo. Tangu mwaka 2007, vyombo vyenye kioo vilianza kuonyesha namba ileile pande zote mbili. Ordinatere inaonyesha namba, simu inaonyesha namba. Zikifanana, mwenye simu anajua kwamba anaongea na chombo kile kile kilicho mbele yake. Zikitofautiana, kuna mtu mwingine amejiingiza katikati, au simu imeshikana na chombo cha jirani.

Kwa hiyo kazi yote ya ulinzi imewekwa kwenye jambo moja dogo: macho ya mwenye simu kuangalia namba mbili. Programu haiwezi kufanya hivyo kwa niaba yake. Ikiwa mtu anabonyeza bila kuangalia, namba hiyo haimlindi hata kidogo.

Kinachofuata baada ya kubonyeza

Wanaotetea «kubali tu» wanasema Bluetooth haiwezi kufungua pesa za simu. Kusema ukweli, hapo wana haki. Kuunganisha simu na bafle hakufungui M-Pesa wala Airtel Money, maana pesa zina kode yake ya siri. Asitishwe mtu kwa uongo. Lakini ukweli hauishii hapo.

Kwanza, kwenye simu nyingi za Android, chini ya ile namba huwa kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama chombo kipya kiruhusiwe kuona majina na namba zilizoandikwa kwenye simu pamoja na historia ya kupigiana. Kijana mwenye haraka anaweza kukiweka alama bila kukisoma. Kuanzia hapo, ordinatere ambayo mama haijui inaweza kuomba orodha yote: mume aliyebaki Masisi, dada aliye kambini Uganda, mjomba mwalimu, mchungaji, muhudumu wa shirika, na saa walizopigiana. Katika jimbo ambalo vita vimekata jamaa katikati, upande huu na upande ule, orodha ya majina si karatasi ya bure. Watu wa Kivu wanajua vizuri kuliko mwandishi yeyote wa programu maana ya jina lako kukutwa mahali pasipofaa.

Pili, chombo kinachojitambulisha kama kibodi, kikikubaliwa, kinaweza kuandika ndani ya simu kama vile mwenyewe anaandika. Mtu aliyebonyeza «kubali» bila kusoma jina la chombo hana njia ya kujua kama amekubali bafle au kibodi.

Tatu, kukubali hakuishi siku ileile. Vyombo vikishajuana, vinatunza ufunguo. Ordinatere ya kibanda inabaki na orodha ya simu zilizopita pale, na simu ya mama inabaki na jina la ordinatere hiyo mpaka mtu aende kwenye mipangilio ya Bluetooth na kulifuta. Ni mama wangapi wameonyeshwa mahali pa kufuta? Kijana anayejua kuunganisha anajua pia kufuta. Tofauti ni kwamba kuunganisha kunalipiwa.

Mlango wenye kode 0000

Kama namba ya tarakimu sita inadharauliwa, kode ya tarakimu nne ni aibu zaidi. Vyombo vya zamani, pamoja na vile vya bei ya chini vinavyofuata mtindo huo wa zamani, havionyeshi namba ya kulinganisha. Vinadai kode, na kode yenyewe imeshaandikwa kiwandani: 0000, au 1234. Haibadilishwi na mwenye chombo, kwa sababu chombo hakina kioo wala vitufe vya kuibadilisha. Kode ambayo kila mtu sokoni anaijua haiwezi kuitwa ya siri. Ni kama kufunga mlango kwa kufuli na kutundika ufunguo wake kwenye msumari wa nje.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Programu za simu nyingine, zikikutana na ekuta au bafle ya namna hiyo, hujaribu 0000 zenyewe kimyakimya, bila kumwuliza mwenye simu. Watengenezaji walifanya hivyo ili mtu asisumbuke. Matokeo yake ni kwamba watu wamefundishwa kuamini kwamba kode ni usumbufu unaotakiwa kuondolewa haraka.

Udhaifu huo haukugunduliwa jana. Mwaka 2005, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Yaniv Shaked na Avishai Wool, walionyesha kwamba mtu aliyenasa mawasiliano ya vyombo viwili wakati vinaunganishwa kwa mtindo wa zamani anaweza kuipata kode ya tarakimu nne kwa muda usiofika nusu ya sekunde, tena kwa ordinatere iliyokuwa tayari imezeeka wakati ule. Tarakimu nne zinatoa namna 10.000 tu, na kwa mashine hizo ni chache sana. Viwanda vilijua. Mtindo mpya ukaja mwaka 2007. Lakini bafle isiyo na kioo, hata yenye mtindo mpya, kwa kawaida inaunganishwa bila namba yoyote ya kulinganisha: wa kwanza kuifikia ndiye mwenye nayo. Jirani anaweza kuikamata usiku na kupigisha kelele ndani ya hema la watu, na wenye hema hawajui sauti inatoka wapi.

«Watu wana shida kubwa kuliko hiyo»

Jibu linalotolewa mara nyingi ni hili: mtu aliyekimbia risasi, anayelala kwenye darasa la shule au kwa jamaa iliyompokea, anayetafuta unga na maji, ana muda gani wa kuhangaika na tarakimu sita? Swali hilo linaonekana la huruma, lakini ndani yake kuna dharau. Linamaanisha kwamba maskini hastahili mlango.

Ni kweli njaa ni kubwa kuliko Bluetooth. Lakini ni nani anayetegemea simu yake kuliko mkimbizi wa ndani? Mtu mwenye nyumba ana jirani wa miaka 20, ana karatasi kwenye sanduku, ana duka linalomkopesha. Aliyekimbia ana simu. Humo ndimo zimo picha za watoto na za karatasi zilizoungua, namba ya chifu wa kijiji, ujumbe wa orodha ya msaada. Na tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango Januari 2025, hata mwenye mshahara amelazimika kupitisha pesa zake kwenye simu. Kusema kwamba watu hao wana mambo makubwa kuliko kulinda simu ni kusema kwamba mambo yao makubwa yakae mahali pasipo na mlango.

Jibu la pili ni la umbali: Bluetooth inafika mita 10 hivi kwa simu za kawaida, basi hatari iko wapi? Mita 10 kijijini ni mwisho wa kiwanja, na anayeingia humo anaonekana na kubwekewa na mbwa. Mita 10 kwenye mahema yaliyobanana, kwenye darasa lenye jamaa nyingi, au kwenye foleni ya kugawa chakula, ni watu wengi ambao hakuna anayewajua wote. Umbali uliowekwa kama ulinzi kwa mtu wa mjini Ulaya haumlindi mtu wa Kivu.

Jibu la tatu ndilo baya kuliko yote: «Hawajui kusoma.» Mama anayeuza fretini au makala hakosei noti ya 5.000 na ya 500. Anakumbuka namba ya simu ya mtoto wake bila kuiandika. Anapiga hesabu ya faida akiwa amebeba mzigo. Mtu kama huyo hawezi kushindwa kuangalia kama 418 ya upande huu ni 418 ya upande ule. Watu wanaosema hajui, hawajawahi kumwonyesha.

Lawama zianzie juu

Vijana wa vibanda wana kosa, lakini lawama isiishie kwao. Wengi wao walikimbia vilevile, na kibanda ndicho kinacholisha wadogo zao. Walijifunza kubonyeza «kubali» kwa kuona wengine, na vitu wanavyouza viliwafikia bila maelezo yanayosomeka.

Lawama ya kwanza ni ya viwanda. Kuweka kode tofauti kwa kila chombo na kuibandika chini yake si jambo la ajabu. Kufuli za kawaida zina funguo tofauti tangu zamani. Kuweka kitufe ambacho lazima kishikwe kwanza ndipo chombo kikubali simu mpya, na baada ya dakika chache kijifunge, pia si jambo la ajabu. Vyombo vizuri vinafanya hivyo tayari. Vinavyoletwa kwa masoko ya watu maskini ndivyo vinavyoachwa wazi.

Ya pili ni ya waletaji wa bidhaa. Katiba ya Congo ya mwaka 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Fungua boksi la bafle yoyote sokoni Virunga. Karatasi iliyomo ina Kichina na Kiingereza, pengine Kifaransa cha kuvunjika. Koltani ya Rubaya, pale Masisi, inatoa tantalamu inayowekwa kwenye sehemu ndogo za kutunza umeme ndani ya simu za dunia nzima. Mtu wa Masisi amekimbia kutoka juu ya madini hayo, na chombo kilichotengenezwa kwayo kinamrudia kikimwuliza swali la usalama wake kwa lugha ambayo si yake. Hilo peke yake lingetosha kuwanyima usingizi wanaotia sahihi za kuingiza bidhaa.

Ya tatu ni ya mashirika ya msaada. Mashirika yakigawa simu, redio au taa zenye Bluetooth, huhesabu vyombo vilivyotoka na majina ya waliopokea. Mwenye kupokea hutia kidole, hupigwa picha, huondoka. Dakika tano za kuonyesha namba inaangaliwaje, wapi pa kufuta na wapi pa kuzima, hazionekani kwenye mpango. Shirika linaloficha majina ya wakimbizi kwenye ripoti zake kwa ajili ya usalama wao, halafu linawapa chombo kinachoweza kutoa majina ya ndugu zao wote kwa kubonyeza mara moja, limefanya nusu ya kazi.

Na redio nazo zisijitoe. Vipindi vingi vinamwambia msikilizaji «rekodi, mtumie na jirani», na hilo ni jema. Lakini kumwambia mtu atume bila kumwambia atume vipi kwa usalama ni kumfungulia njia bila kumwonyesha shimo.

Kinachodaiwa

Madai yenyewe si makubwa, na hayahitaji mkutano wa wakubwa.

Kwenye vibanda: kijana asiguse kitufe cha kukubali kwenye simu isiyo yake. Amgeuzie mteja ordinatere, namba zisomwe kwa sauti pande zote mbili, na mwenye simu abonyeze kwa kidole chake. Kisanduku cha majina na historia ya kupigiana kisiwekwe alama kwa ajili ya nyimbo, maana nyimbo hazihitaji majina ya watu. Kazi ikiisha, kijana afute jina la simu kwenye ordinatere na kumsaidia mteja kufuta la ordinatere kwenye simu. Atakayefanya hivyo atapata wateja zaidi.

Kwenye jamaa: ombi la kuunganisha likitokea ghafla kwenye simu, wakati hakuna aliyeliomba, likataliwe hata kama jina lake linafanana na la mtu anayejulikana, kwa sababu jina la chombo mtu hujiandikia analotaka. Bluetooth izimwe kazi ikiisha. Hilo lina sababu ya ziada: Septemba 2017 kampuni ya usalama Armis ilitangaza makosa yaliyoitwa BlueBorne, yaliyowezesha kuingia kwenye simu yenye Bluetooth iliyowashwa bila kuunganishwa na bila kubonyeza chochote. Simu mpya zilirekebishwa. Simu za mkono wa pili, ambazo ndizo nyingi hapa, hazikupata zote marekebisho hayo. Kuzima kunaongeza pia muda wa batri, na batri nayo inalipiwa.

Kwenye mashirika na waletaji wa bidhaa: karatasi moja ya Kiswahili yenye picha ndani ya kila boksi, na somo fupi siku ya kugawa. Kwa wasiosikia Kiswahili vizuri, wapo vijana wanaosema Kihunde, Kinande, Kinyarwanda na Mashi kwenye kila mtaa; wapewe kazi hiyo na walipwe.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji vita viishe kwanza. Vibanda vitafunguliwa kesho asubuhi kama kawaida, na mama mwingine atafika na simu yake. Kijana atatafuta, atabonyeza, na namba itatokea. Badala ya kunyoosha mkono, amwambie: «Mama, angalia kwako kunaandikwa nini, unisomee. Kama ni sawa na hapa kwangu, bonyeza. Kama si sawa, kataa, tuanze tena.»